Kitambaa Gani kwa Viti Vyetu?

Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Methali hii ya wazee ilitujia moyoni siku tulipoingia katika nyumba ya jamaa moja ya wakristu mjini Lubumbashi. Baba wa nyumba alikuwa amevika upya viti vyake vinne vya mikono na kanape moja, yaani kile kiti kirefu cha watu watatu. Kitambaa kilikuwa mahameli yenye kung'aa, rangi ya maziwa, nacho kilinunuliwa kwa deni bila mama kuulizwa neno. Juu ya mahameli kulitandikwa nailoni ili vumbi lisiiguse. Watoto walikatazwa kukaa. Na mama mzazi wa bwana yule, aliyetoka kijijini kuwasalimu wajukuu wake, tulimkuta chini juu ya mkeka. Tulipomwomba akae pamoja nasi, alijibu kwa upole: «Hapana, wanangu, nguo yangu ina vumbi la njia.»

Hatusimulii haya ili kumcheka mtu. Nani kati yetu hapendi nyumba yake ionekane nzuri? Lakini kiti kinachomtisha mama mzee kimekosa kazi yake. Mtume Yakobo, katika sura ya 2 ya barua yake, anawakaripia wakristu wanaompa mahali pazuri mtu mwenye mavazi ya fahari, na maskini wakamwambia akae chini. Bwana yule hakumwambia mama yake neno la namna hiyo. Kitambaa kilisema badala yake.

Tuanze na watu, si na rangi

Kabla ya kwenda sokoni, baba na mama wakae pamoja na kuulizana: Nani atakaa juu ya viti hivi? Je, wamo watoto wadogo wanaokula popote? Je, jua la mchana huingia dirishani na kuangukia viti? Ni fedha kiasi gani tuliyo nayo mkononi, karo ya shule ikiisha kutengwa?

Majibu hayo yatachagua nusu ya kitambaa. Wakati wa kiangazi Katanga ina vumbi jekundu. Rangi nyeupe italeta vita ya kila siku. Rangi ya kahawia, au kitambaa chenye nakshi ndogo ndogo, huvumilia doa bila kulitangaza. Jua kali hufifisha rangi na kudhoofisha nyuzi. Heri kuvisogeza viti au kutia pazia.

Kila kitambaa na kazi yake

Pamba nzito iliyofumwa kwa kubanana ni rafiki wa jamaa yenye watoto: haileti joto, yafulika, na bei yake si ya kutisha. Hasara yake ni kwamba yanywa maji upesi, na yaweza kurudi, yaani kupungua, ikifuliwa. Kitani ni imara, lakini hukunjamana. Sufu ni imara pia, wala haishiki moto upesi. Lakini ni ya bei kubwa, na nondo huila. Poliesta na nailoni zina nguvu nyingi na hukauka haraka, lakini huyeyuka zikiguswa na moto. Mahameli hupendeza macho. Tena manyoya yake hulala mahali panapokaliwa sana, na maji huweza kuacha alama. Ngozi ya plastiki hupanguswa kwa kitambaa chenye maji. Lakini wakati wa joto hushikamana na mwili, na baada ya miaka hupasuka.

Na kitenge je? Kitenge kilifumwa kwa ajili ya kuvaliwa. Juu ya mto mdogo wa kuegemea kitapendeza. Juu ya kikalio cha kila siku kitachanika kwenye mishono.

Wazee wa nchi yetu walijua tofauti hiyo. Wakuba wa Kasai wana kitambaa kisifiwacho ulimwenguni, kiitwacho na wengi mahameli ya Kasai. Wanaume hufuma nyuzi za majani ya mwale, na wanawake hutia nakshi na kukata nyuzi hata ziwe laini kama manyoya. Kitambaa hicho kilikuwa cha heshima, cha sherehe na cha mazishi. Thamani yake kubwa haikukifanya kuwa cha kila kazi.

Tupime kwa mikono yetu

Katika viwanda vya Ulaya kitambaa husuguliwa kwa mashine iitwayo Martindale, iliyobuniwa Uingereza katika mwaka 1942, nao huhesabu misuguo mpaka nyuzi zikatike. Kwa kawaida, kitambaa cha misuguo 10,000 hutosha kiti kinachokaliwa mara chache; kwa chumba cha kila siku hutafutwa 20,000 au zaidi; na kwa mahali pa watu wengi 30,000 au zaidi. Hesabu hiyo ikiandikwa katika karatasi ya muuzaji, tuisome.

Isipoandikwa, tunayo mikono. Tuinue kitambaa mbele ya nuru: kikipitisha nuru kama chujio, tukirudishe. Tusukume nyuzi kwa kucha za vidole gumba: zikiachana, mishono nayo itaachana. Tukisugue kwa leso nyeupe yenye maji kidogo: leso ikipata rangi, nguo za wageni zitaipata pia.

Tuombe vilevile uzi mmoja, tuushike kwa koleo ndogo juu ya sahani ya maji, nje ya nyumba na mbali na watoto, tuuwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu. Hivyo hatutauziwa poliesta kwa bei ya sufu.

Moto huo mdogo utukumbushe moto mkubwa. Viti vingi vya leo vina sponji ndani, na sponji ikiwaka hutoa moshi wa sumu unaoua upesi. Mbabula ya makaa isiwekwe karibu na viti, wala mtu asilale juu yake na sigara mkononi.

Metre, fundi na mfuko

Vitambaa vya viti huwa na upana wa sentimita 140 hivi. Kiti kimoja cha mikono mara nyingi huhitaji metre 5 mpaka 7. Kanape ya watu watatu metre 12 mpaka 15. Maua makubwa hudai zaidi, maana lazima yakutane kwenye mishono. Fundi apime kwanza, ndipo tununue. Afungue pia chini ya kiti: mikanda ikiwa imelegea na sponji imelala, kitambaa kipya kitakuwa kanzu nzuri juu ya mgonjwa.

Na mwenye watoto amwombe fundi ashone mifuko yenye zipu, iweze kuvuliwa na kufuliwa. Ikiwa kitambaa ni pamba, tukifue kabla ya kukikata, ili kimalize kurudi. Vile vitambaa vya kufuma kwa mkono ambavyo mamama huviweka penye kichwa na mikono si urembo tu: huzuia mafuta ya nywele, na kuvifua ni kazi ndogo.

Mwaka uliofuata tulirudi katika nyumba ile. Mahameli ilikuwa imeingia madoa, ijapokuwa nailoni, na deni lilikuwa limechukua muda mrefu kulipwa. Safari hii mama alikwenda sokoni pamoja na mumewe. Walichagua pamba nzito ya kahawia, wakalipa yote siku ile ile. Bibi mzee alikuwa amekaa katika kiti karibu na dirisha, mjukuu magotini, na uji kidogo umemwagika penye mkono wa kiti. Mama wa nyumba aliupangusa akiendelea kuzungumza nasi.

Basi, mababa na mamama, mtakapoishika nguo ya viti sokoni, mkumbukeni kwanza yule atakayekaa.