Mikono ya Mkufunzi Mapajani

Kusi ikishika, mabaharia wa Bandari ya Kale, chini ya nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, huijua kwa jinsi majahazi yanavyovuta kamba zake. Ukivuka Makupa hadi Changamwe utamkuta mtu mwingine anayeusoma upepo huo kwa makini: mkufunzi wa urubani aliyeleta mwanafunzi wake katika Uwanja wa Ndege wa Moi.

Njia kuu ya uwanja huo ina urefu wa mita 3,350. Mwisho wake mmoja umeandikwa 03, wa pili 21. Zidisha kwa kumi upate nyuzi za dira: 30 na 210. Upepo wa Kaskazi humjia karibu usoni rubani anayetua 03. Kusi haina adabu hiyo. Hutokea kusini-mashariki, ikampiga ubavu wa kushoto anayetua 21.

Hapo mwanafunzi anatakiwa alaze bawa la kushoto kidogo kuelekea upepo, na kwa mguu wa kulia airudishe pua ya ndege katikati ya mstari. Gurudumu la kushoto liguse lami kwanza, kisha la kulia, la mbele mwisho. Mkufunzi ameketi kulia kwake. Ana usukani wake na kanyagio zake, lakini mikono ameiweka mapajani. Akishika mapema, mwanafunzi hajajifunza kitu. Akichelewa sekunde mbili, ndege iko kwenye nyasi.

Wengi wa wanafunzi wanaoletwa hapa hutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, kitovu cha mafunzo ya urubani nchini Kenya. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa Mombasa haufiki futi 300. Katika hewa nyepesi ya Nairobi, ndege hupita juu ya ardhi kwa kasi zaidi kuliko kipimo kinavyoonyesha. Mwanafunzi akifika Pwani, kipimo ni kilekile lakini ardhi inapita polepole, na jicho linamwambia kwamba amepungukiwa na mwendo. Anasukuma pua chini, ndege inaongeza kasi, halafu inaelea juu ya njia bila kutaka kutua. Mkufunzi aliyeyaona hayo mara nyingi huanza kuyasema tangu Mariakani, kabla ya kufika Mombasa.

Kuna pia ndege kubwa za abiria. Mabawa yake huacha nyuma kimbunga kisichoonekana, chenye nguvu ya kukibinua chombo kidogo kama Cessna 172. Kwa hiyo wadogo husubiri dakika mbili au tatu, injini inanguruma, mafuta yanakwenda, na saa ya masomo inahesabiwa kwa pesa za mzazi.

Hatari yenyewe si ya vitabuni. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya mafunzo iligongana angani, karibu na Wilson, na ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa ikielekea Diani. Dash 8 ilirudi salama. Mkufunzi na mwanafunzi wake walikufa. Tarehe 10 Januari 2025, ndege nyingine ya mafunzo ilianguka Kwachocha, Malindi, kando ya barabara ya Mombasa. Waliokufa walikuwa watu watatu waliokuwa chini, katika shughuli zao.

Ndiyo maana mojawapo ya masomo ya mwanzo ni la maneno: nani ameshika usukani. Mmoja anasema anachukua, mwenzake anajibu kwamba ameachia, wa kwanza anathibitisha. Mwanafunzi huyaona mazoezi hayo kuwa ya kitoto. Lakini Mei 2007, ndege ya Kenya Airways ilianguka baada tu ya kuruka kutoka Douala, Kamerun, na watu wote 114 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mtambo wa kujiendesha haukuwa umeshika, ilhali rubani aliamini umeshika.

Mkufunzi mwenyewe mara nyingi ni kijana. Wengi huifanya kazi hii ili kukusanya saa za angani zinazotakiwa na mashirika makubwa, na wengi hulipwa kwa saa wanazoruka. Mvua za masika zikiziba anga, mfuko nao unakauka. Akishakomaa katika kufundisha, shirika linamwita. Hata Tom Campbell Black, aliyemfundisha Beryl Markham kuruka mjini Nairobi karibu miaka mia iliyopita, aliondoka kutafuta maisha Uingereza. Markham alivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi mnamo Septemba 1936. Mwezi huohuo Black alikufa Liverpool, akiwa chini uwanjani, baada ya ndege yake kugongwa na ndege nyingine.

Inafika siku mkufunzi anafungua mlango, anashuka, na kufunga mkanda wa kiti chake kitupu usije ukanasa usukani. Mwanafunzi anaondoka peke yake. Kwa kuwa uzito wa mtu mmoja umepungua, ndege inanyanyuka mapema kuliko alivyozoea, na huko juu kijana anacheka au anaomba dua. Mkufunzi amesimama ukingoni mwa lami, redio i sikioni. Mkono wa pili anautia mfukoni, anautoa, anaurudisha tena mfukoni.