Fahamu: Saa ya mnada ndani ya kivinjari

Kahawa ya Bukoba na Muleba siku hizi hupigwa mnada mtandaoni kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mnada wa namna hii unahitaji saa ya kuaminika kwenye kivinjari. Waandishi wengi wa programu hupunguza sekunde moja kila setInterval (kipima muda cha JavaScript) inapoita. Ni hatari: tangu 2021, ukurasa uliofichwa zaidi ya dakika 5, Chrome huweza kuuamsha mara moja tu kwa dakika, na saa ikachelewa.

Dawa yake: hifadhi muda wa mwisho wa mnada, kisha kila mara toa humo muda wa sasa ili upate muda uliobaki. Tumia EventTarget, kiolesura cha kivinjari cha kutuma matukio, ili saa itangaze matukio mawili, “mpigo” na “mwisho”. Kitufe cha kutoa bei na kengele visikilize matukio hayo. Saa hiyohiyo itafaa ukurasa wowote. Ila kazi ya kufunga mnada iachie seva.