Kwa nini saumu ya Chepkoilel haifunguliwi kwa adhana ya Mombasa

MWANAFUNZI Mwislamu anayetoka Mombasa kwenda kusoma Chepkoilel, nje kidogo ya mji wa Eldoret, hana budi kujifunza jambo moja mapema katika mwezi mtukufu wa Ramadhani: adhana ya magharibi inayosikika redioni kutoka kwao si yake.

Mombasa iko mashariki zaidi. Ingawa saa za ukutani ni zile zile, mwezi wa Machi jua hutua huko takribani dakika 17 kabla ya kutua Eldoret. Anayefuturu Chepkoilel kwa adhana ya Mombasa huwa amekula mchana, na humbidi ailipe siku hiyo baada ya Ramadhani. Upande wa daku, wa Eldoret ndiye mwenye nafasi, kwani alfajiri yake huchelewa kwa kiasi hicho hicho.

Saumu hiyo huanza alfajiri na kukoma jua linapotua. Kwa kuwa Eldoret iko karibu na ikweta, mfungaji hukaa saa 13 hivi na nusu, iwe Januari au Julai. London, mwezi wa Juni, muda huo hupita saa 17.

Siku ya kwanza ya kufunga nayo hutegemea mbingu. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30. Jioni ya siku ya 29 ya Shaabani watu huutafuta mwezi mwandamo. Wingu likiuficha na habari za kuonekana kwake zisipopatikana, hukamilishwa siku 30. Nchini Kenya wengi husubiri tangazo la Kadhi Mkuu, lakini wako wanaofuata kuandama kwa mwezi Saudi Arabia. Ndiyo sababu jirani wawili huweza kusali Idd siku mbili tofauti bila yeyote kati yao kukusudia kuasi.

Wakristo nao huuangalia mwezi, ila kwa hesabu. Pasaka huwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake. Kutoka hapo huhesabiwa nyuma siku 46 hadi Jumatano ya Majivu. Jumapili sita zikitolewa, zinabaki 40 za Kwaresima. Mkatoliki mwenye umri wa kati ya miaka 18 na 59 hufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu kwa kula mlo mmoja kamili, na hujinyima nyama kila Ijumaa ya Kwaresima. Kwa hiyo wengi hufikia wajibu huo wa kufunga wakati ule ule wanapofikia umri wa kuingia chuoni.

Mwaka 2025 saumu hizo mbili zilikutana: Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5 mwezi huo huo.

Chepkoilel, iliyokuwa bewa la Chuo Kikuu cha Moi kuanzia 1990 na kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret mwaka 2013, ni mahali ambapo kalenda ya ibada hukutana na ratiba ya masomo. Mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula na kulipa baadaye. Mtihani peke yake si udhuru. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inalinda haki ya kuadhimisha siku ya ibada. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliwapa ushindi Waadventista waliodai wanafunzi wao waruhusiwe kuishika Sabato shuleni. Sabato hiyo nayo hupimwa kwa jua: machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi.

Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na mwaka 2030 itaanza mara mbili, Januari na Desemba. Majira yatabadilika, kanuni itabaki: aliye Chepkoilel hufungua kwa jua la Chepkoilel.