Je, Wajua? Nusu ya Mruko Iko Kileleni

Mchezaji wa baleti akiruka sentimita 45, hukaa hewani takriban sekunde 0.6, na nusu ya muda huo mwili wake huwa katika robo ya juu kabisa ya mruko. Ndiyo maana mpiga picha hufyatua kamera punde kabla ya kilele, kwa kasi ya 1/500 ya sekunde hivi. Flashi huzimwa: humchoma mchezaji macho na kufuta rangi za taa za jukwaa. Nawe unayepiga picha mjini Ikwiriri, kanuni ni hiyohiyo kwenye ngoma: sikiliza mdundo, fyatua kamera mchezaji akingali anapaa.