Taya Lililovunjika Huunga

Taya huvunjika kwa njia nyingi. Hapa Mbulu na Hanang watu huanguka na pikipiki. Wengine hupigwa teke na punda au ng'ombe. Wengine hupigwa ngumi kilabuni.

Utajuaje kwamba taya limevunjika? Mwambie mgonjwa afunge mdomo polepole. Je, meno ya juu na ya chini yanakutana kama zamani? Kama hayakutani, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Dalili nyingine ni ufizi kutoa damu na mdomo wa chini kufa ganzi.

Njiani, mgonjwa akae ameinama mbele ili damu itoke nje. Asilazwe chali, maana damu na ulimi vinaweza kuziba pumzi. Taya lisikandwe wala kuvutwa nyumbani.

Zahanati itamwandikia barua ya kwenda hospitali, kama ile ya Haydom iliyofunguliwa mwaka 1955. Majeraha makubwa hupelekwa kwa mabingwa wa kinywa na taya, kama wale wa Muhimbili.

Wengi huogopa kupasuliwa uso. Mara nyingi si lazima. Mguu ukivunjika, hufungwa kwa vijiti ili utulie. Kwa taya, meno ya juu ndiyo kijiti. Daktari hutia dawa ya ganzi na kurudisha mfupa mahali pake. Kisha hufunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya mwembamba. Mfupa huunga kwa wiki 4 hadi 6. Ngozi haikatwi.

Wengine huhitaji kibati kidogo cha chuma na skrubu. Hata hapo, mara nyingi daktari hupasua ndani ya kinywa, na kovu halionekani usoni.

Ukifungwa waya, shika haya:
1. Kunywa uji mwepesi, maziwa na supu iliyochujwa, mara nyingi kwa siku.
2. Kila ukimaliza, piga mswaki na sukutua kwa maji ya chumvi.
3. Acha pombe. Ukitapika huku meno yamefungwa, unaweza kupaliwa na kufa.
4. Tembea na mkasi wa waya. Omba hospitali iwaonyeshe, wewe na mtu wa nyumbani, pa kukata ukitapika.
5. Maumivu yakiisha, usifungue waya mwenyewe. Mfupa bado haujakomaa.

Taya likiachwa huunga vibaya, na kutafuna makande huwa taabu. Afadhali wiki 6 za uji kuliko taabu ya maisha.