Ujumbe wa simu dhidi ya kansa: nani analipa, na sisi tuulize nini?



Katika vijiji vyetu vya kando ya Ziwa Tanganyika, toka Makobola mpaka Mboko na Baraka, simu ndiyo inatupa habari. Kwa simu tunajua kama barabara iko wazi, nani amevuka ziwa na nani amerudi nyumbani. Katika nchi za jirani, miradi ya afya imetumia simu hiyohiyo kuwafundisha watu namna ya kujikinga na kansa. Katika toleo hili tunaeleza kazi hiyo inaanzaje, pesa yake inatoka wapi, na mambo ambayo jamii iliyokimbia vita inapaswa kuuliza kabla ya kutoa namba zake.

Kansa gani inazungumziwa?

Mara nyingi ni kansa ya shingo ya kizazi. Mwaka 2022 iliua wanawake karibu 350,000 duniani, na wengi wao walikuwa katika nchi maskini kama yetu. Karibu kila mara inaletwa na virusi vinavyoitwa HPV, vinavyoambukizwa kwa njia ya ngono. Haiambukizwi kwa kula pamoja, wala si laana ya ukoo. Watu wengi hupata virusi hivyo bila kujua, na mwili wenyewe huvishinda. Kwa wengine vinabaki, na baada ya miaka 15 mpaka 20 vinaweza kuleta kansa. Kwa mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI muda huo unaweza kuwa mfupi zaidi.

Miaka hiyo mirefu ndiyo nafasi yetu. Wasichana wa miaka 9 mpaka 14 wanaweza kukingwa kwa chanjo. Mama wa miaka 30 na zaidi, ama 25 kama ana virusi vya UKIMWI, anaweza kupimwa. Kipimo kimoja ni rahisi: muuguzi aliyefundishwa anapaka siki maalum kwenye shingo ya kizazi na kutazama kama pana alama nyeupe. Kinachukua dakika chache, na alama ikitibiwa mapema kansa haifiki. Mama anayetoka damu baada ya tendo la ndoa, ama baada ya kukoma hedhi, asingoje ujumbe wowote. Aende kituo cha afya.

Pesa inalipa mtu kwanza

Viongozi wengi wanafikiri kila pesa ya afya inajenga nyumba ama inanunua dawa. Kuna ruzuku ya namna nyingine. Inamlipa mtafiti mmoja wa afya ya jamii kwa miaka michache, ili akuze ujuzi wake na kujaribu njia mpya. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1937, imetoa ruzuku za namna hiyo, na kati ya kazi zilizosaidiwa ni za kupeleka elimu ya afya kwa simu na intaneti.

Faida yake ni kwamba ujumbe unapimwa kabla ya kusambazwa. Udhaifu wake ni kwamba muda ukiisha, mtafiti anaondoka na ujumbe unakoma. Tena pesa ya mbali inaweza kukatika ghafla. Mwaka 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa, na miradi mingi ya afya ikasimama.

Mfano wa Kilimanjaro na Arusha

Utafiti uliotangazwa mwaka 2019 ulifanyika katika mikoa hiyo miwili ya Tanzania. Kundi moja la wanawake lilipata ujumbe wa kujua mahali pa kupimwa tu. Katika kila 100, karibu 4 walienda. Kundi la pili lilipata mfululizo wa ujumbe wa kufundisha na kutia moyo, wakaenda karibu 13. Kundi la tatu lilipata ujumbe huo pamoja na nauli, wakaenda 18.

Tunajifunza mambo mawili. Ujumbe mzuri unasaidia, na nauli inasaidia zaidi. Lakini hata hapo, wanawake 82 katika 100 hawakufika. Kama ni hivyo kwenye amani, itakuwaje kwa mama wa Makobola ambaye pesa ya pikipiki kwenda hospitali ya Nundu ndiyo chakula cha watoto, na njiani anaogopa vizuizi?

Uvumi na amani

Hapa kwetu, ambapo watu bado wanawalilia ndugu waliouawa mwisho wa mwaka 1998, sindano ngeni huleta hofu haraka. Mtu akisema chanjo imeletwa na kabila fulani ili kuharibu uzazi wa kabila lingine, maneno hayo yanapita kwenye simu usiku mmoja. Yanawanyima wasichana kinga, na yanawarudisha majirani kwenye chuki. Kwa hiyo ujumbe wa afya usitolewe kwa jamii moja peke yake. Mama Mbembe, Mfuliiru na Munyamulenge wausikie kwa maneno yaleyale, kila mmoja kwa lugha anayoielewa, na mtu wanayemwamini wote awepo kujibu maswali.

Maswali matano kwa kila mradi

1. Nani analipa, na mpaka mwaka gani? Muda ukiisha nani ataendelea?
2. Anayepokea ujumbe atapimwa wapi, na akikutwa na alama atatibiwa wapi?
3. Namba zetu zitakaa kwa nani? Katika nchi ya vita, orodha ya majina, vijiji na makabila ni hatari. Mradi wa kansa hauhitaji kujua kabila.
4. Simu nyingi zinatumiwa na nyumba nzima. Je, ujumbe umeandikwa ili mama asiaibishwe mbele ya mume ama watoto?
5. Asiye na simu, ama aliyepoteza namba yake akikimbia, atafikiwaje? Radio, kanisa, msikiti na reko wa kijiji wapewe maneno hayohayo.

Tunawaomba viongozi wa vijiji na wa kambi wasome maswali haya mbele ya mama na baba wote, kisha wamwalike muuguzi mkuu wa kituo aeleze ni huduma gani zinapatikana hapo leo. Mradi ukija bila jibu la swali la pili, usikubaliwe haraka. Kumwambia mama kwamba ana hatari, bila kumwonyesha mlango wa kuingia, ni kumwongezea mzigo juu ya ule aliokimbia nao.