Wenye Bunduki Walihepa, Asiye na Bunduki Akabaki

Uliza msee yeyote mtaani kwa nini dunia haikuwaokoa Watutsi wa Rwanda mwaka wa 1994. Atakujibu chap chap: hakukuwa na mtu wa kuwasaidia. Mimi pia niliamini hivyo, hadi nilipoacha chuo nikaanza kujisomea mwenyewe. Si kweli. Watu walikuwepo, tena wenye bunduki.

Chukua shule ya ufundi ya ETO, mtaa wa Kicukiro, jijini Kigali. Wanajeshi wa Ubelgiji waliovaa kofia za Umoja wa Mataifa walikuwa na kambi humo. Mauaji yalipoanza Aprili 7, Watutsi kama 2,000 walikimbilia pale, wazee kwa watoto. Interahamwe walizunguka nje na mapanga yao, lakini hawakuingia. Waliogopa sare.

Aprili 11, wazungu waliokuwa shuleni walihamishwa. Kisha wanajeshi nao wakafunganya virago. Watu walilala mbele ya malori wakiwasihi wasiende. Wakaenda. Siku hiyo hiyo wengi wa walioachwa walipelekwa kilima cha Nyanza wakauawa.

Utaniambia Wabelgiji nao walikuwa wamepoteza wenzao 10. Ni kweli, na walikuwa na amri. Lakini angalia: ndege na askari wa kuwatoa wageni vilipatikana kwa siku chache tu. Wanyarwanda walipata nini? Aprili 21, Baraza la Usalama lilipiga kura kupunguza kikosi hadi watu 270 hivi.

Sasa mfikirie Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal. Alikuwa mwangalizi wa UN, hana silaha. Alipakia watu wachache wachache kwa gari, akapita vizuizi kwa mzaha, sigara na maneno matamu. Inasemekana aliokoa mamia. Kombora lilimuua Mei 31.

Kwa hivyo tunapobishana kama mataifa ya nje yaingilie au yasiingilie, tunaruka swali lenyewe. Wakija, wanakuja kumwokoa nani? Na wakiondoka, nani anabaki langoni?

Mwaka wa 2005 viongozi wa dunia waliahidi kuwa nchi ikishindwa kulinda raia wake, wengine watawajibika. Januari 2025 Marekani ilitangaza kuwa kundi la RSF limefanya mauaji ya kimbari Sudan. Mwezi uliofuata, RSF na washirika wake walikutana hapa Nairobi, ukumbini KICC, kupanga serikali yao.

Hapo hakuna Mbelgiji wa kulaumiwa. Lango lilikuwa letu, na tuliliacha wazi. Wewe ulisema nini siku hiyo? Mimi nilipita kando ya KICC nikiwa kwa matatu, nikaendelea kuskroli simu.